Kwa nini ozoni huzidi alasiri, na hasa siku ya Jumapili?

Mama Riziki

Salaam kwenu nyote. Tunaishi Riverside, California, takriban kilomita 90 mashariki mwa katikati ya jiji la Los Angeles, na mwanangu ana pumu. Kila kiangazi mimi hufuatilia vipimo vya hewa vinavyotangazwa, na kuna jambo ambalo nimeshindwa kulielewa. Asubuhi, barabara zinapokuwa zimejaa magari, kiwango cha ozoni huwa chini, kisha hupanda kati ya saa nane na saa kumi alasiri, msongamano ukiwa bado haujaanza. Isitoshe, Jumapili, siku ambayo malori huwa machache, ozoni mara nyingine huzidi ile ya katikati ya wiki. Nimesoma kwamba ozoni ni kichafuzi cha upili. Je, maana yake ni kwamba madhara yake ni madogo?

Mwalimu wa Kemia

Mama Riziki, neno hilo lisikupotoshe. Upili hapa si daraja la madhara bali ni namna ya kuzaliwa. Kichafuzi cha msingi hutoka moja kwa moja katika bomba la gari, dohani la kiwanda au jiko, ilhali cha upili huundwa hewani, baada ya vile vya msingi kukutana na jua, unyevu au kemikali nyingine.

Injini hutoa oksidi za nitrojeni. Mwanga wa jua huipasua dioksidi ya nitrojeni, atomu moja ya oksijeni hung'oka na kujishikiza kwenye molekuli ya oksijeni ya kawaida, na hapo ozoni huwa imepatikana. Kinachobaki ni monoksidi ya nitrojeni, ambayo kwa kawaida huila ozoni hiyo na kuwa dioksidi tena. Lakini mvuke wa petroli, wa rangi na wa thina huirudisha monoksidi hiyo kuwa dioksidi bila kuitumia ozoni, na kwa hiyo mzunguko huendelea na ozoni hulimbikizana. Kazi hiyo huhitaji jua kali na saa kadhaa, na katika saa hizo upepo wa bahari huwa unausukuma mchanganyiko wote kuelekea kwenu, hadi milima inapouzuia. Kwa hiyo mnachokivuta alasiri ni moshi wa asubuhi wa Los Angeles, ukiwa umeshapikwa njiani.

Ama kuhusu Jumapili, monoksidi ya nitrojeni inayotoka kwenye injini wakati huohuo huila ozoni iliyo karibu nayo. Malori ya dizeli yakipungua, mlaji naye hupungua, lakini mvuke wa petroli na jua vipo palepale. Jambo hilohilo lilionekana katika miji mingi mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani: dioksidi ya nitrojeni ilishuka na ozoni ikapanda. Asije mtu akasema malori ni dawa! Tatizo ni kupunguza kidogo tu kiambato kimoja na kukiacha kingine.

Msomaji wa Historia

Niongeze kwamba wakazi wa Los Angeles wenyewe walikosea kwa miaka mingi. Mwezi Julai 1943, macho yalipowawasha na mji ukafunikwa na ukungu, wapo walioshuku kwamba Japani imewashambulia kwa gesi. Baadaye lawama ziliangukia kiwanda kimoja kilichokuwa kikitengeneza butadiene ya mpira wa sintetiki. Kikafungwa kwa muda, na ukungu ukabaki. Aliyefumbua fumbo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akichunguza ladha ya nanasi katika chuo kikuu cha Caltech, Pasadena: alionyesha kwamba ukungu ule ulikuwa na ozoni iliyoundwa na jua kutokana na moshi, kama alivyoeleza Mwalimu. Mojawapo ya vipimo vyake ilikuwa vipande vya mpira vilivyokunjwa, kwa sababu ozoni huupasua mpira.

Wakulima ndio walioona dalili mapema, majani ya spinachi yakigeuka rangi ya fedha. Katika milima ya San Bernardino, misonobari ya ponderosa iligeuka manjano na kudhoofika, kisha mbawakawa wanaotoboa magome wakaimaliza.

Mdadisi

Nilifundishwa kwamba ozoni hutukinga na miale ya jua. Inakuwaje leo ni adui?

Mwalimu wa Kemia

Ni gesi ileile, ila mahali ni tofauti. Ile inayotukinga iko juu sana, nyingi yake kati ya kilomita 15 na 35. Ikiwa puani, huchubua utando wa njia za hewa, nayo pumu huamka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa nane usizidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo.

Mama Riziki, msisahau majirani zenu wa Chino na ng'ombe wao wa maziwa. Amonia ya samadi hukutana na asidi ya nitriki iliyotokana na moshi wa magari, na kuunda chembechembe za nitrati ya amonia, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Nazo ni za upili.

Mama Riziki

Ahsante sana. Barakoa itamsaidia?

Mwalimu wa Kemia

Barakoa nzuri huzuia chembechembe, lakini ozoni ni gesi, hupita. Mfungulieni madirisha asubuhi, muyafunge kabla ya saa sita mchana, na mziepuke mashine zinazotangazwa kusafisha hewa kwa kutoa ozoni.

Mama Riziki

Mazoezi yake ya mpira huanza saa tisa alasiri. Nitamwomba kocha wake ayahamishie saa mbili asubuhi.