Tupeane uzoefu: ua jeupe la porini usilolijua, ulilitambuaje?

Mkulima wa Hombolo
Mbukwenyi wakuu. Mvua zimeshika huku kwetu, na kwenye zizi la zamani la marehemu babu yameota majani yanayofika kiunoni, yana maua meupe makubwa mfano wa tarumbeta. Jioni ua linafunguka, kesho yake jua likipanda linasinyaa. Ukivunja jani linanuka vibaya. Mbuzi wanapita pembeni, hawagusi. Mke wangu huchuma mchicha pori hapo hapo zizini, ndiyo maana nauliza. Mliowahi kukutana na ua jeupe msilolijua, mlilitambuaje?

Binti wa Mpwapwa
Kaka, kabla ya yote angalia tunda. Lina miiba?

Jembe Moja
Hicho ni kitunguu pori. Huku Bahi vinajaa mbugani mvua ya kwanza ikinyesha tu, maua meupe matupu.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa
Jembe Moja, soma alichoandika mwenzio. Kitunguu pori hakina shina lenye matawi. Majani yake ni marefu mfano wa mkanda, yanatoka chini kwenye kitunguu, na ua lake lina ncha sita, mara nyingi na mstari wa pinki katikati. Huyu anazungumzia mmea wenye matawi, unaofika kiunoni, ua lililoungana toka chini mpaka juu. Ni vitu viwili tofauti.

Jembe Moja
Mwalimu, mimi nimezaliwa mbugani, maua ya huku siyasomi vitabuni.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa
Sijataja kitabu. Nimetaja majani.

Mama Wawili, Chamwino
Nimesoma "zizi la zamani" nikasisimka mwili. Ngoja niseme, maana haya yalitokea nyumbani kwetu, nami nilikuwepo.

Mwaka ule njaa ilikuwa imebana. Mvua zilipoanza, shangazi akaenda kuchuma mboga kwenye boma lililohamwa, kwa sababu samadi ya pale huotesha mchicha mnene kuliko shambani. Akarudi na kikapu kimejaa. Majani yalikuwa bado machanga, maua hayajatoka, na yote yalikuwa kijani. Yakachambuliwa harakaharaka kwenye mwanga wa kibatari, yakapikwa kwa karanga. Waliokula ni shangazi na watoto wake. Mimi nilikuwa na homa, nikanywa uji tu.

Mtoto mkubwa ndiye alianza. Akalia kiu, akapewa maji, akalia tena. Ulimi mkavu kabisa. Kisha akaanza kuokota vitu hewani, anachomoa uzi usiokuwepo, anauzungusha kidoleni kwa makini kabisa. Mdogo wake anaongea na bibi aliyekwishafariki. Shangazi mwenyewe akasimama, akagonga ukuta, akasema mlango umehamishwa. Nikawamulika usoni: mboni zimetanuka, jicho lote jeusi, na kibatari kikisogezwa hazisinyai. Ngozi za moto, nyekundu, bila tone la jasho.

Majirani wakajaa. Wengi wakasema ni majini, mganga akatumiwa mtu. Dada yangu akakataa. Akaenda jalalani, akaokota mabua ya ile mboga, akayafunga kwenye kanga, tukapakiwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa mtama hadi hospitali. Daktari alipofungua ile kanga hakuuliza mengi. Alinusa jani, akatazama ukingo wake wenye meno yasiyolingana, akasema ni Datura, mmea wa sumu. Walilazwa, mikojo ikagoma kutoka mpaka wakawekewa mpira. Wote wakapona, namshukuru Mungu. Lakini mtoto yule mdogo alikaa muda mrefu hataki mboga ya aina yoyote.

Nawaomba, ukishuku kitu, beba mmea wenyewe uende nao hospitali.

Dereva wa Kibaigwa
Aisee. Nimesoma mara mbili. Poleni sana mama.

Binti wa Mpwapwa
Hata kwetu ilitokea, watu wakadhani pombe.

Mzee wa Mvumi
Pwani wanauita mranaha. Dawa yake maziwa fresh, kikombe kikubwa, sumu inaisha nguvu. Wazee wetu ndivyo walivyofanya.

Nesi Zamu ya Usiku
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, maziwa hayaitoi sumu hii. Tena aliyechanganyikiwa ukimnywesha chochote anaweza kupaliwa. Msimtapishe kwa nguvu. Mkimbizeni hospitali, mzuieni asijiumize njiani. Mmea mzima ni sumu: jani, ua, mizizi, na mbegu ndiyo balaa zaidi.

Mzee wa Mvumi
Marahaba mwanangu. Lakini mama yangu alichoma majani hayo akavuta moshi, pumu ikatulia. Na hilo nalo utasema uongo?

Nesi Zamu ya Usiku
Si uongo mzee, zamani hata Ulaya walivuta sigara zake kwa ajili ya pumu. Tatizo ni kwamba mmea mmoja unaweza kuwa na sumu kidogo na wa jirani yake nyingi, wala huwezi kujua kwa macho. Leo zipo dawa za kupuliza zenye kipimo.

Jembe Moja
Basi ang'oe achome moto yaishe.

Dereva wa Kibaigwa
Achome aivute familia nzima? Afukie.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa
Ang'oe sasa, kabla tunda halijakauka. Likikauka linapasuka na kumwaga mbegu, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mvua. Avae glavu au mfuko wa nailoni, asijifute macho. Na wenye mtama na uwele mnaopuria chini wawe makini: mbegu zake ni bapa, ndogo, zinaingia kwenye nafaka bila kuonekana. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu walikufa baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mmea huu huu.

Binti wa Mpwapwa
Watu wasije wakaogopa kila ua jeupe tukakosa mboga. Mgagani una maua meupe pia, na ndio tunaokausha kwa ajili ya kiangazi. Tazama jani: vidole vitano. Ua lina petali nne ndogo na nyuzi ndefu za zambarau zimechomoza, tunda jembamba refu. Mnavu nao ua lake ni jeupe, nyota ndogo yenye kitovu cha njano, halafu vitunda vyeusi laini. Hakuna hata mmoja wenye tunda la miiba.

Mkulima wa Hombolo
Nimetoka zizini sasa hivi. Matunda yapo, ya kijani, ukubwa wa limau changa, miiba kotekote. Nimepasua moja, ndani lina vyumba vinne na mbegu bado nyeupe. Mke wangu amemwaga mboga yote ya leo, tunakula ugali na maziwa mgando. Kesho nang'oa.

Mama Wawili, Chamwino
Asante kwa kwenda kuangalia kaka. Waambie na majirani wanaochuma hapo.

Mpita Njia
Samahani wakuu, mimi la kwangu liko kando ya barabara, maua madogo meupe mengi, jani limechanikachanika kama la karoti. Mikono inaniwasha.

Nesi Zamu ya Usiku
Hilo linafanana na gugu karoti, lile lililosambaa Arusha. Nawa kwa sabuni, usiling'oe tena mikono mitupu. Piga picha ya ua na jani kwa karibu, umwonyeshe afisa kilimo wa kata yako.