Naomba ushauri: nukuu fupi ndani ya sentensi ya Kiswahili

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kwa Kiswahili kwa mtindo wa APA (kanuni za Kimarekani za kunukuu na kutaja vyanzo). Nukuu ndefu hazinisumbui: ikifika maneno 40 naishusha kwenye aya yake, naisogeza ndani na kuondoa alama za kunukuu, basi.

Kazi iko kwenye nukuu fupi. Zikifuatwa na mabano ya chanzo, nukta inakuja baada ya mabano, hapo sawa. Sentensi ikiishia kwenye nukuu yenyewe je? Wamarekani huweka nukta ndani ya alama. Waingereza huiacha nje, isipokuwa kama ni sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Kwa Kiswahili ninyi mnafuata upi?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: ngeli. Tuseme chanzo kinazungumzia vitabu na kusema "vinapotea haraka", ila sentensi yangu inahusu maandishi. Nikiandika "[ya]napotea haraka", mabano ya mraba yanaonyesha nimebadili kiambishi, lakini yakijaa ukurasa mzima msomaji anachoka. Mimi naona afadhali kuisuka upya sentensi yangu nomino zilingane. Waliosimamia tasnifu, mnawashauri nini wanafunzi wenu?