Nimemaliza dozi ya H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo), kipimo bado kinasema yupo. Ndiyo usugu?

Tumbo_Moto: Wakuu, salaam. Vidonda vya tumbo vinanitesa. Nilipewa antibayotiki mbili, klarithromaisini na amoksisilini, pamoja na omeprazoli ya kupunguza asidi, kwa siku 14, nikameza zote. Juzi nimepima damu maabara ya mtaani, jibu: bado yupo. Muuza dawa anataka nirudie dozi ileile. Je, huyu mdudu kawa sugu, yaani dawa hazimuui tena? Na usugu unapimwaje?

Nesi_wa_Zamu: Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Kipimo cha damu kinasoma kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata mdudu akishakufa. Kapime choo, kile cha antijeni (chembe za mdudu mwenyewe), au cha kupuliza pumzi ukikipata. Subiri zitimie wiki 4 tangu umalize antibayotiki, na omeprazoli uiache wiki 2 kabla ya kupima, la sivyo utaambiwa hayupo kumbe yumo.

Babu_Kijiweni: Juisi ya kabichi kila asubuhi. Utakuja kunishukuru.

Nesi_wa_Zamu: Babu, kabichi ni mboga.

Mtu_wa_Maabara: Antijeni itakwambia yupo au hayupo, basi. Kujua usugu ni kazi nyingine. Unaingizwa kamera, kinakatwa kinyama kidogo cha tumbo, na bakteria waliomo wanaoteshwa maabara. Huyu mdudu ana maringo kweli: hataki oksijeni nyingi, huota kwa siku kadhaa, na sampuli ikichelewa njiani anafia humo. Akiota anawekewa utepe wenye dawa, kali upande mmoja na hafifu upande wa pili, tunaangalia anakomea wapi.

Njia ya haraka ni PCR, kipimo cha vinasaba vya mdudu, hata kwa choo inawezekana. Inatafuta badiliko kwenye jeni ya 23S, pale klarithromaisini inapojishikiza. Herufi ya kinasaba A ikigeuka G kwenye nafasi ya 2143, dawa haina pa kushika. Tatizo ni bei, na maabara nyingi hawana.

Tumbo_Moto: Kwa hiyo nikikosa PCR na choo kikaonyesha yupo?

Mtu_wa_Maabara: Hapo klarithromaisini usiirudie. Ni mara chache mdudu kuwa sugu kwa amoksisilini, mshukiwa ni klarithromaisini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilimweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha yake ya bakteria sugu mwaka 2017. Daktari anaweza kukupa mchanganyiko wa dawa nne: bismathi, tetrasaikilini, metronidazoli na omeprazoli.

Mama_Wawili: Metronidazoli si ndiyo Flagyl? Huku kwetu mtu akiharisha kidogo tu anaimeza!

Mtu_wa_Maabara: Ndiyo hiyo, na usugu wake uko juu kwa sababu hiyohiyo. Ila ndani ya dawa nne, kwa dozi kubwa na siku 14 kamili, bado huwa inafanya kazi.

Nesi_wa_Zamu: Tumbo_Moto, ukienda kwa daktari mtajie kila antibayotiki uliyowahi kumeza, hata ya kikohozi. Azithromaisini ni ndugu yake klarithromaisini, mdudu akiwa sugu kwa moja huwa sugu na kwa nyingine.