Trigliseridi zangu ni za kawaida: je, niko salama?

Mkazi wa Ilazo:
Ndugu wanajukwaa, nina miaka 41 na ninafanya kazi ya ofisini Mtumba, kazi ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Wiki iliyopita tulipimwa afya kazini, nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu usiku, na majibu yangu ni haya: sukari milimoli 5.8 kwa lita, trigliseridi, yaani aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, 1.2, HDL, yaani lehemu nzuri, 0.9, na presha 126/80. Aliyenisomea majibu alisema mafuta hayana tatizo na sukari imepanda kidogo tu. Baba yangu alianza kuugua kisukari akiwa na miaka 46, kwa hiyo hilo neno "kidogo" halinipi usingizi. Ni vipimo gani vya damu vinavyoonyesha mapema kwamba mtu anaelekea kwenye sindromu ya kimetaboliki, yaani ule mkusanyiko wa hali zinazoongeza hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo?

Mteknolojia wa maabara, Nkuhungu:
Pole, ndugu yangu. Hali hiyo hutambuliwa mtu anapotimiza vigezo vitatu kati ya vitano: kiuno kipana, trigliseridi kuanzia 1.7, HDL iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130/85, na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Wewe tayari unavyo viwili, na kiuno hukukitaja. Trigliseridi zisikutulize, kwa sababu kwa watu wenye asili ya Afrika imeonekana mara nyingi kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inashindwa kufanya kazi yake ipasavyo huku trigliseridi zikibaki za kawaida. Ndiyo maana hata ule uwiano wa trigliseridi kwa HDL, unaotegemewa sana kwingineko, kwetu huwaacha wengi bila kugundulika.

Daktari wa kliniki ya wagonjwa wa nje:
Naungana na mwenzangu. Asidi ya yuriki, kimeng'enya cha ini cha GGT na protini ya CRP huwa juu kwa watu wengi wenye hatari hii, lakini GGT hupandishwa pia na pombe, na CRP hupandishwa na maambukizi yoyote, hata malaria, hivyo sikushauri uanze kutumia fedha huko. Rudia sukari ya kufunga na uongeze HbA1c, ambayo huonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu. Iwapo una upungufu wa damu au umerithi chembe ya selimundu, mwambie anayekuhudumia, kwani jibu la HbA1c linaweza kupotosha. Kiuno kipime katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwetu mpaka ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Mkazi wa Ilazo:
Ahsanteni sana. Nimeazima futi kamba ya fundi cherehani jirani yangu, nikajipima mara mbili, na mara zote imesoma 99. Basi vimetimia vitatu. Jumatatu asubuhi nitakwenda kupima tena, na karatasi ya majibu ya kwanza nitakwenda nayo.