Je, mwanamke mwenye mshtuko wa moyo hucheleweshewa matibabu?

Mwana wa Ahero: Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kisumu. Miaka miwili iliyopita baba alifika katika hospitali moja ya huku kwetu akiwa ameshika kifua, na kabla jina lake halijaandikwa alikuwa amekwisha kupimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mwezi uliopita mama alifika hospitali hiyohiyo akitokwa na kijasho chembamba, taya likimuuma na pumzi zikimpaa. Akakalishwa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu hivi, kisha akapewa dawa ya kiungulia na kuambiwa apunguze pilipili. Kesho yake, kwingine, tukaambiwa ni mshtuko wa moyo. Je, ni bahati mbaya tu, au wanawake hupuuzwa? Nasikia Marekani hata rangi ya ngozi huchangia.

Muuguzi wa Nakuru: Pole sana, na mama apate nafuu. Bahati mbaya peke yake haitoshi kueleza hayo. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa wanawake pia, lakini wao, kuliko wanaume, huja pia na kichefuchefu, uchovu usio na sababu, au maumivu ya taya na mgongo. Na mhudumu aliyezoea kwamba mgonjwa wa moyo ni mzee mwenye kitambi, akimwona mama huwaza vidonda vya tumbo. Miongozo ya kimataifa hutaka ECG ifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kwa kuwa mshipa ukiziba, misuli ya moyo huzidi kufa kadiri muda unavyopita. Tena ECG moja isiyoonyesha kasoro haitoshi: irudiwe, na damu ipimwe troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia.

Msomaji wa Kondele: Kuhusu rangi, mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ambamo madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji, Weusi na Weupe, wake kwa waume, wakieleza maumivu ya kifua kwa maneno yaleyale, na wanawake Weusi ndio waliopendekezwa mara chache zaidi kupimwa mishipa ya moyo kwa mrija. Baadaye wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba takwimu zilitangazwa kwa namna iliyokuza pengo hilo, ila pengo lenyewe lilikuwapo. Huku kwetu mimi naona pesa, umbali na lugha. Nani alimweleza daktari maumivu ya mama?

Mwana wa Ahero: Mpwa wangu wa miaka 12. Mama alisema kwa Kijaluo kwamba kitu kizito kimemkalia kifuani. Mtoto akatafsiri kuwa anaumwa na tumbo, na hakuna aliyemwomba mama aonyeshe kwa mkono panapouma.