Mrejesho: kisu cha kukunja cha marehemu babu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza umri wa kisu cha kukunja chenye mabapa matatu, ambacho babu yangu, aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini, alipewa na baharia wa Kimarekani. Mlinishauri nitazame kitako cha bapa kwa kioo cha kukuzia, nami nimefanya hivyo.

Chini ya jina la Case, kampuni ya Marekani ya kutengeneza visu, baada ya kupangusa kutu kwa mafuta na kitambaa, zilijitokeza nukta saba. Kwa kuwa kampuni hiyo ilianza kugonga nukta kumi mwaka 1970 na kupunguza moja kila mwaka, kisu hiki ni cha mwaka 1973, wala si cha enzi ya ukoloni kama ilivyosimuliwa nyumbani (shangazi hajaridhika hata kidogo). Nambari 6318 nayo imesomeka: 6 ni mpini wa mfupa, 3 ni idadi ya mabapa, na 18 ni umbo lake.

Fundi mmoja wa Mji wa Kale alitaka kuking'arisha kwa mashine. Nilikataa, kwani angezifuta nukta zenyewe.