NGO NGO NGO KWENYE PAZIA?! Huyu msimulizi wa mikasa ya mauaji ametuvunjia heshima

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, naandika hivyo hivyo.

Nimeshuka kwenye bajaji sasa hivi hapa Kirumba, wala sijafika nilikokuwa naenda. Nimeshuka kwa sababu dereva alikuwa amefungulia simulizi ya yule bwana. Mnamjua. Yule anayenong'ona kama anakuuzia simu ya wizi, anayeandika mikasa ya mauaji kwenye ukurasa wake halafu anaisoma mwenyewe na kinanda cha msiba nyuma. Sina haja ya kumtaja, nusu ya Mwanza inalala naye masikioni.

Nikasikia "mama mmoja muuza dagaa". Nikasikia "jijini Mwanza". Hajafika mbali nikajua ni mama mdogo. Mama mdogo wangu mimi, tumbo moja na mama yangu. Halafu akasema hivi, na haya maneno nitaingia nayo kaburini:

"Usiku ule mvua kubwa ilikuwa ikinyesha. Ghafla, mlango ukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Akanyanyuka taratibu, hakujua kwamba anaufungulia umauti... Usiende mbali, ndugu msikilizaji, tunarudi baada ya tangazo hili."

Tangazo la godoro.

La GODORO, wakuu! Mama yangu mdogo kaachwa amesimama na mkono kwenye kitasa, mwenzake anatuuliza kama migongo inatuuma. Kwenye bajaji tulikuwa watatu. Yule kaka wa pembeni yangu akasema "dah, kanikatisha utamu". Utamu! Hapo ndipo nikamwambia dereva nishushe.

Sasa nisikilizeni kuhusu huo mlango. Mama mdogo alikuwa hafungi mlango mpaka anapokwenda kulala saa 4. Kutwa nzima na jioni yake ni pazia. Pazia la kijani lenye maua meupe, nimelifua kwa mikono yangu hii, najua mpaka lilipochomwa na pasi. Na yaliyompata yalimpata saa 1 jioni, watu bado wako barazani wanachambua mboga. Nani aligonga? Aligonga nini? Kitambaa? Na tangu lini Kirumba mtu anakwenda kwa jirani anagonga kama askari wa upelelezi? Si mtu anapiga hodi, anaambiwa karibu, anaingia?

Halafu mvua. Ilikuwa Julai! Julai Mwanza mvua kubwa inatoka wapi? Julai ambayo mijusi kafiri wa Capri Point wanakaribia kuomba maji kwa wapita njia? Na dakika mbili kabla ya hapo alisema ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha karabai zao "chini ya mbalamwezi". Mvua kubwa na mbalamwezi, usiku mmoja, mji mmoja. Mtoto yeyote wa huku anajua mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa inalala, kwa sababu taa haivuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Siku za mbalamwezi ndizo mama mdogo alikuwa anasuka nywele, maana hakuna mzigo. Huyu bwana hajawahi hata kukanyaga mchanga wa mwaloni.

Na kila kitu kwake ni "hakujua kwamba". Alikunywa chai, hakujua kwamba ni ya mwisho. Alifunga kanga, hakujua kwamba ndiyo itakayomfunika. Aliingiaje kichwani mwa marehemu? Aliitoa wapi hiyo chai? Mama mdogo alikuwa hanywi chai jioni, alikuwa anakunywa uji!

Linalonichoma zaidi ni la mdogo wangu, mtoto wake wa kwanza. Kasema: "Je, ni kwa nini kijana huyu hakudondosha hata chozi moja msibani?" Akanyamaza. Kinanda peke yake. Hajamshtaki mtu, ameuliza tu. Wakati kesi bado iko mahakamani na mdogo wangu si mshtakiwa, ni shahidi! Hakulia msibani kwa sababu yeye ndiye aliyeingizwa chumba cha maiti kumtambua mama yake, alilia kule mpaka akabebwa. Kesho anakwenda kununua mzigo, watu watamtazama machoni kutafuta hilo chozi.

Lakini NGO NGO NGO. Siwezi kuitoa kichwani. Ngo ngo ngo kwenye pazia, halafu godoro.

Jiwe Juu ya Jiwe

Pole sana dada. Mungu amlaze mahali pema. Nimekaa siti ya mbele.

Taa ya Ukerewe

Pole kwa msiba. Ila mleta uzi umeandika gazeti zima, wengine tuko kazini. Weka muhtasari. Kosa ni pazia au ni godoro?

Mtoto wa Mwaloni

Kosa ni NGO NGO NGO.

Nyakato Sokoni

Mimi nitasema ukweli hata nikitukanwa. Pazia linaning'inia kwenye fremu. Fremu inagongwa. Kwa jirani yangu nagonga fremu kila siku na hajawahi kulalamika.

Mtoto wa Mwaloni

Nyumba ile haina fremu ya mbao. Ni tofali limepigwa plasta. Nenda kagonge plasta usiku wa leo, kisha urudi hapa utuambie imelia ngo au imekuchuna vidole.

Sato wa Kupaka

Hahaha plasta! Jamani nimecheka na niko msibani.

Ticha wa Igoma

Dada, pole. Hicho ulichosikia kina historia ndefu. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, mwaka 1966 alitoa kitabu In Cold Blood kuhusu familia ya Clutter, watu 4 waliouawa kwao Kansas Novemba 1959. Aliapa kwamba kila alichoandika ni kweli tupu. Kitabu kinafungwa na mpelelezi akiwa makaburini, anakutana na rafiki wa yule binti aliyeuawa, upepo unavuma kwenye ngano, msomaji anafuta machozi. Ikaja kujulikana kwamba mkutano ule haukuwahi kutokea. Alihitaji mwisho mtamu, akautengeneza. Huyu wenu alihitaji mlango, akautengeneza.

Na hesabu mbinu alizotumia kwako ndani ya dakika tano. Mvua ili uogope. Kugonga ili usikie. "Hakujua kwamba" ili wewe msikilizaji ujione unajua kuliko marehemu. Swali la chozi ili umhukumu mtu bila yeye kukuambia umhukumu. Kisha anakata pale pale mkono uliposhika kitasa, maana akikata baada ya hapo hutakaa kusikiliza tangazo.

Bandari Kusini

Ticha, tumetoka Kirumba tumefika Kansas, nauli nani analipa?

Kamanga wa Pili

Ticha yuko sahihi. Hata yule muuaji wa London wa mwaka 1888, lile jina la Jack the Ripper lilitoka kwenye barua iliyopelekwa kwa shirika la habari, na wakubwa wa polisi wenyewe walishuku imeandikwa na mwandishi wa habari ili magazeti yauzike. Muuaji hajajulikana mpaka leo, jina lake kila mtu analo. Wale wanawake watano waliouawa, hebu kila mmoja hapa ataje wawili bila kwenda kutafuta.

Taa ya Ukerewe

Nimeshindwa hata mmoja.

Mtetezi wa Buzuruga

Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Hiyo ni kwa mshtakiwa. Sasa mtu ambaye hata hajashtakiwa anahukumiwa kwa "Je"? Mdogo wako atafute wakili, arekodi kipande kile kabla hakijafutwa. Usigombane naye mitandaoni, atatengenezea sehemu ya pili.

Mtoto wa Mwaloni

Sehemu ya pili ipo tayari! Imetangazwa kesho saa 3 usiku! "Nani alikuwa nyuma ya mlango?" HAKUNA MLANGO!

Bajaji ya Pasiansi

Mimi ni dereva, siyo niliyekubeba. Msitulaumu. Abiria wenyewe wanaziomba. Nikizima mtu anakaa mpaka kituo kinapita, anasema acha nimjue muuaji kwanza. Juzi mama mmoja kazungushwa mpaka Igombe kwa ajili ya muuaji. Swali langu moja: uliposhuka njiani, ulilipa?

Mtoto wa Mwaloni

Nililipa nauli nzima na chenji sikuchukua.

Bajaji ya Pasiansi

Basi Mungu akubariki, wengi wanakimbia.

Mjukuu wa Igoma

Wewe dada angalau umeanza mwaka huu. Sisi kila Mei inapofika tunazima redio. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, babu yangu alikuwemo, hatukumpata. Kila mwaka anatokea mtu na sauti za maji, vilio vya kuigiza, "abiria mmoja alimtazama mwanaye kwa mara ya mwisho". Nani aliyerudi akawaambia alimtazama? Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa akisikia hizo sauti za maji anatoka nje kukaa chini ya mwembe. Nendeni makaburini Igoma mkasikie kama kuna kinanda.

Jiwe Juu ya Jiwe

Hii imenigusa mkuu. Nilikuwa darasa la tatu mwaka ule, mji mzima ulinyamaza.

Sato wa Kupaka

Wengine tumezaliwa baada ya hapo tunajua kwa simulizi hizo hizo. Sasa bila hao wasimulizi tungejuaje?

Mjukuu wa Igoma

Ungeuliza wazee. Tupo, tunaishi, tuna simu.

Nyakato Sokoni

Narudi kwenye hoja ya msingi. Hilo tangazo ni la godoro lile lenye kitambaa cha buluu?

Mtoto wa Mwaloni

Sijui rangi. Nilikuwa nashuka.

Nyakato Sokoni

Kama ni lile la buluu basi mleta uzi ana haki ya kukasirika mara mbili. Nililinunua kwa sababu ya yule yule bwana, alilisifia katikati ya mkasa wa maiti kwenye gunia. Miezi miwili limebonyea katikati kama mtumbwi. Mke wangu analala ukingo huu, mimi ukingo ule, mtoto ndiye yuko shimoni.

Bandari Kusini

HAHAHA mtoto yuko shimoni! Ni hilo hilo. Langu limenikaza shingo, natembea nikiangalia Saanane tu.

Taa ya Ukerewe

Mlilikalia dukani kabla ya kununua? Godoro halinunuliwi likiwa ndani ya nailoni. Unalitoa, unalikalia pembeni, ukisikia ubao wa chini unaliacha hapo hapo.

Nyakato Sokoni

Muuzaji alinikataza nisitoe nailoni. Na risiti aliandika "hairudishwi".

Mtetezi wa Buzuruga

"Hairudishwi" haimzuii mtu kudai kitu kibovu. Nenda na risiti yako na picha.

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu naomba mnisikilize dakika moja.

Huyo bwana katika muda wote niliomsikiliza amesema neno "damu" nimeshindwa hata kuhesabu, lakini mama mdogo mwenyewe hakumtaja ila "mwanamke huyu mwenye bahati mbaya". Hakuwa mwanamke mwenye bahati mbaya. Alikuwa akipima dagaa, sado akiijaza anaigonga chini mara mbili, dagaa washuke, halafu anaongeza tena kwa kiganja mpaka wanamwagika. Wenzake walikuwa wanamgombeza, unatuharibia soko. Anasema dagaa wakilala sado si imejaa nusu, nimwibie mtu kwa nini. Anagonga mara mbili. Siyo tatu. Ukitaka kusikia mama mdogo aligongaje, ni hivyo.

Jiwe Juu ya Jiwe

Nilishanunua kwake. Kweli alikuwa anaongeza.

Sato wa Kupaka

Siku hizi sado wameikunja kitako kwa ndani, dagaa hawafiki nusu. Na bei imepanda.

Bandari Kusini

Usiniambie habari za sado za siku hizi. Wiki iliyopita nimefika nyumbani nusu yake mchanga.

Nyakato Sokoni

Jamani kabla hatujahamia kwenye dagaa, mwenye kujua duka la magodoro Nyegezi linalokubali mtu alikalie kwanza aniambie. Futi 5 kwa 6, inchi 8.